Kilomita 42 na kidonge mfukoni: shajara ya mradi, Moshi

6 Julai 2025. Kuanza

Mradi wenyewe ni huu: kukimbia kilomita 42 na ushee za Kilimanjaro Marathon mwisho wa Februari mwakani, nikiwa na bipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kupita kiasi kisha ukamshusha, bila kuruka dawa na bila kulazwa. Februari iliyopita nilimaliza zile 21. Sasa nataka zote.

Mimi ni fundi baiskeli, kibanda kipo Pasua. Fundi akifungua gia asiyoijua huandika mpangilio wa vipuri kabla havijachanganyika, ili akikwama arudi nyuma. Hii ndiyo karatasi yangu. Anayetaka kuiga aige, ila dozi yangu siiandiki hapa kwa makusudi. Dozi ya mtu mwingine si kiatu cha kuazima.

Kwa ufupi: 2022 nililazwa wiki tatu. Nilikuwa nimepanda, yaani silali, naongea mchana kutwa, nagawa vipuri vya wateja. Baada ya hapo nikashuka, miezi minne sikufungua kibanda. Tangu wakati huo natumia kabamazepini, na imenishika vizuri. Sista wa kliniki ndiye aliyeniambia nianze kutembea, nusu saa kila siku. Kutembea kukawa kukimbia.

Njia ya mbio inaanzia uwanja wa Ushirika. Nusu ya kwanza ni tambarare, unaenda barabara ya Dar na kurudi mjini. Shughuli inaanza ukishafika nusu, maana unageuzwa kuelekea Mweka, ni kupanda tu kilomita nyingi, migomba kushoto, kahawa kulia, halafu unateremka kurudi Ushirika magoti yakilia.

Vifaa: viatu vya mtumba kutoka soko la Memorial, shilingi 45,000. Saa ya plastiki, 12,000. Daftari, 1,500. Kwenye daftari kuna safu nne: saa nilizolala, kilomita, hali yangu kuanzia kutoa tatu hadi jumlisha tatu, na hali yangu kama mke wangu anavyoiona. Anaandika namba yake jioni bila kuangalia yangu. Tumekubaliana kwamba namba zikipishana kwa mbili, ya kwake ndiyo halali.

10 Agosti. Wiki nzuri kupita kiasi

Mwezi wa kwanza sina la kusimulia. Siku nne kwa wiki, Jumapili ndefu, kilomita 10, 12, 14. Kilichoharibika ni wiki hii.

Nanakili daftari kama lilivyo. Usingizi kuanzia Jumatatu: saa 7, 6, 5, 4, 3. Namba yangu: jumlisha moja siku zote tano. Namba ya mama watoto: moja, mbili, mbili, tatu, tatu. Kufika Alhamisi kanuni yetu ilikuwa imeshavunjika, na mimi niliyeitunga nikasema hajui kuhesabu. Akaniambia, "Baba watoto, leo unaongea kama redio ya kinyozi." Nikacheka, nikatoka kwenda kukimbia mara ya pili siku hiyo.

Ijumaa nilirudi Memorial nikanunua viatu jozi nne kwa 190,000. Jozi moja namba 40. Mimi navaa 43. Jumamosi usiku nilifungua baiskeli tatu za wateja ili "nizifanyie huduma ya bure". Leo Jumapili mpango ulikuwa kilomita 16. Niliondoka saa tisa usiku, nikapita Kiboriloni, nikaendelea, nikaja kusimama Himo kumekucha, sina hata mia mfukoni. Konda wa daladala alinirudisha kwa huruma.

Nilichojifunza ni kwamba mwili uliopanda unafanana sana na mwili uliofanya mazoezi vizuri. Miguu myepesi, pumzi ipo, usingizi huutafuti. Mkimbiaji mwingine angeshukuru Mungu. Mimi natakiwa kushtuka. Na kosa kubwa kuliko yote ni kwamba nilikimbia ili nichoke nilale. Moto ule huuzimi kwa kukimbia, unaupepea.

Marekebisho: kliniki Jumatatu, dawa ya usingizi ya muda, siku kumi na mbili bila kukimbia. Kanuni mpya imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye jalada: usiku mmoja nikilala chini ya saa sita, kesho yake natembea tu, usiku wa pili, viatu anafungia mke wangu kabatini na kliniki inapigiwa simu. Jozi mbili nimeziuza tena kwa hasara ya 50,000. Zile namba 40 anavaa shemeji.

15 Septemba. Simbu nimemkosa

Leo alfajiri mkimbiaji wetu Alphonce Simbu ametwaa dhahabu ya marathon kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo. Saa 2:09:48, na Mjerumani aliyekuwa wa pili ameandikiwa muda huohuo. Ikabidi waangalie picha ya mstarini.

Huku kwetu mbio zilianza saa saba na nusu usiku. Jirani yangu wa vyuma chakavu, ambaye hajawahi kukimbia hata mvua ikimkuta njiani, alikesha. Mimi nilienda kulala saa tatu kama kawaida. Sikufanya hivyo kwa moyo mweupe. Nililala nimenuna, nikimwonea wivu kila Mtanzania mwenye kichwa kinachoweza kukesha usiku mmoja kisha kikaendelea na maisha.

Saa kumi na moja mke wangu akaniamsha: "Simbu kashinda." Nikasema acha utani. Mchana nikaangalia marudio kwa kinyozi, tumebanana watu kumi na tano. Wote tulijua nani atashinda, na bado zile mita za mwisho tulisimama.

Usingizi: saa 7 na nusu. Kilomita: 8. Namba: zote sifuri.

7 Oktoba. Kosa lililokaribia kunimaliza

Naandika nikiwa nimetoka hospitali jana jioni. Ingizo hili litakuwa refu.

Jumapili tarehe 5 nilipanga kilomita 28, barabara ya kiwanda cha sukari cha TPC kwenda na kurudi. Kule ni chini, ni tambarare, na Oktoba jua halisubiri saa tatu. Kwenye kikundi chetu cha mbio wameniimbia siku zote: kunywa kabla hujasikia kiu. Basi kijana anayejifunza ufundi kwangu akanifuata na baiskeli, dumu la lita tano limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Kila baada ya muda mfupi kikombe. Maji matupu. Nilikimbia saa tatu na robo, na tuliporudi dumu lilikuwa jepesi, limebaki kama nusu lita. Nikajisifu kwamba leo nimekunywa kama inavyotakiwa.

Ishara ya kwanza ilikuwa pete. Naivua kila nikinawa grisi, inatoka yenyewe. Siku hiyo ilikwama, kidole kimevimba kama soseji. Kichwa kinagonga. Nikakaa kibandani nikataka kumwambia kijana anipe spoki, neno likapotea. Nikamwambia nipe ile, ile ya nini, ile ya gurudumu. Nimeshika spoki miaka kumi na nne.

Nyumbani nilivaa fulana nyuma mbele nikakaa kitandani natazama ukuta. Shemeji akachungulia, akasema lile neno ambalo kila mwenye ugonjwa huu analijua: "Ameanza tena." Na kwa mapenzi kabisa wakafanya mambo mawili. Wakanipa kidonge cha jioni mapema. Wakanipa maji, jagi zima, anywe apumzike. Nikatapika.

Aliyeniokoa ni mke wangu, kwa sentensi moja. Alisema, "Huyu akipanda anaongea sana. Leo haongei." Akaita bajaji.

Mapokezi waliposikia natumia dawa gani walitaka kunielekeza upande wa akili moja kwa moja. Siwalaumu sana, faili langu linajulikana. Mama watoto hakuondoka pale dirishani. Akaja daktari kijana, akatazama vidole vyangu, akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza: "Amekunywa maji kiasi gani?" Damu ikapimwa. Sodiamu, yaani chumvi ya damu, 124. Ya kawaida ni 135 hadi 145.

Nililazwa, nikatundikiwa dripu ndogo ya chumvi kali, na maji nikanyimwa kabisa. Kumwomba nesi maji ukaambiwa hapana, huku umelazwa kwa sababu ya kukimbia juani, ni jambo la ajabu. Asubuhi yake neno spoki likarudi.

Bajaji 6,000. Kulazwa na vipimo 87,000.

14 Oktoba. Maelezo, na marekebisho yaliyofeli

Daktari wa kliniki amenieleza hivi. Kabamazepini ina tabia ya kuzifanya figo zizuie maji mwilini. Unakunywa, lakini hukojoi inavyopaswa. Maji yanabaki, chumvi ya damu inakuwa kama chai iliyoongezwa maji, na ubongo unavimba kidogo. Ndipo unachanganyikiwa. Hata mkimbiaji asiyetumia dawa yoyote anaweza kupatwa. Mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 mwishoni mwa Boston Marathon, asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya 135 au chini, na kilichowatambulisha zaidi ni kwamba walikuwa wameongezeka uzito njiani. Boston hiyohiyo ambayo Juma Ikangaa wetu alishika nafasi ya pili mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990. Nilikuwa naijua kwa hilo tu.

Kwangu mimi mlango upo wazi tayari kwa sababu ya dawa. Nikiwa nimepumzika sodiamu yangu ni 134. Daktari akanipa njia mbili: tubadilishe dawa, au nibadilishe unywaji na nipimwe kila baada ya wiki mbili. Dawa hii imenikalisha miaka mitatu. Nikachagua ya pili, akakubali kwa sharti kwamba ikishuka chini ya 130 tunabadilisha dawa na mbio zinasubiri.

Sasa marekebisho yangu ya kwanza, ambayo ni ya kijinga. Nikasema kumbe tatizo ni chumvi, basi dumu lile lile la lita tano nitie pakiti tano za ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji anayopewa mtu anayeharisha. Nikamwambia daktari kwa fahari. Akachukua karatasi: lita moja ya ORS ina sodiamu 75. Damu 140. "Ukimimina ya 75 kwenye ya 140, inapanda au inashuka?" Nikanyamaza. ORS inasaidia, lakini ukiinywa kwa dumu bado unazimua damu. Tatizo halikuwa ndani ya dumu. Tatizo ni dumu.

Njia tuliyokubaliana: nanywa nikisikia kiu tu, na napima uzito kabla na baada. Nikirudi nimepungua kidogo, sawa. Nikirudi nimeongezeka hata robo kilo, nimekosea.

26 Oktoba. Mizani

Kupima uzito kumenisumbua kuliko kukimbia. Kwanza nilitumia mizani ya jirani wa vyuma chakavu. Kabla ya mbio kilo 63, baada ya mbio kilo 63. Nikafurahi, mpaka nilipoona anapima mlango wa gari na kichwa cha pampu na vyote vinatoka namba nzima bila nukta. Ile mizani imetengenezwa kumnyonya muuza chuma, sio kupima jasho.

Kisha vijana wa stendi wanaopima uzito kwa 200. Mizani yao inaonyesha nukta, lakini nilikuwa nasimama na viatu vilivyolowa. Sasa nina ya mtumba, 25,000, ipo chumbani chini ya kitanda. Navua kila kitu, najifuta jasho, napanda. Mfano wa leo: kilomita 20, kabla 62.8, baada 62.1. Nimekunywa lita moja na robo, nusu yake ORS, nikala ndizi mbivu mbili na kiazi cha kuchemsha chenye chumvi. Pete imetoka bila sabuni.

9 Novemba

Wiki ya uchaguzi sikukimbia. Intaneti ilizimwa, nami nilikaa ndani na familia. Ninachoandika kwa ajili ya wenzangu ni kimoja: nilikuwa na vidonge vya siku kumi na moja tu. Vilitosha, lakini nilihesabu kila usiku. Sasa akiba ni ya mwezi mzima, ipo kwenye kopo la grisi lililooshwa.

Malaria pia imenipitia. Kabamazepini hupunguza nguvu ya dawa ya mseto mwilini, kwa hiyo mwambie anayekuandikia dawa. Mimi nilirudishwa kupima tena damu baada ya dozi, ikawa safi. Na balungi kinyume chake, hupandisha kiwango cha kabamazepini. Jirani ana mti wa balungi. Nimeacha.

Sodiamu: 135. Elfu kumi na tano kila kipimo, inauma, lakini ni bei ya tairi moja.

27 Desemba. Mwezi wa watu kurudi

Asiyejua Desemba ya Uchagani hajui foleni. Wote waliotawanyika Dar, Mwanza na Nairobi wanarudi kihamba, shamba la ukoo, na kila siku kuna ng'ombe, mtori wa ndizi na nyama, kiburu cha ndizi na maharage, na mbege, pombe yetu ya ndizi. Mazoezi yakawa mepesi kabisa. Milima ya Kibosho inakupa mwinuko wa bure ukitaka, nilikuwa naamka naenda nao polepole kabla wageni hawajaamka.

Kazi ilikuwa usiku. Tarehe 24 baba mkubwa alinikabidhi kata ya mbege mbele ya watu. Kwetu kata ya mzee haikataliwi. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikaonja, nikampitishia aliyekaa kulia. Ikarudi, nikafanya hivyohivyo. Mara ya tatu akasema, "Kijana, unakunywa au unambusu nyuki?" Watu wakacheka. Nikamwambia, "Baba mkubwa, natumia dawa ya kichwa, pombe na dawa hii hawapatani." Nilikuwa sijawahi kulisema mbele ya ukoo. Kimya kikapita, kama cha gari linalobadilisha gia. Kisha akasema basi apewe mtori, na mazungumzo yakarudi kwenye bei ya kahawa.

Baadaye gizani, nyuma ya zizi, binamu mmoja wa Dar aliniuliza jina la dawa. Nikamtajia. Akaniuliza kama inanenepesha. Nikamwambia njoo asubuhi tutembee. Alikuja.

Saa nne usiku niliaga nikaenda kulala na watoto, muziki ukiendelea. Usingizi: saa 6 na nusu. Usiku wa tarehe 25 saa 5 na nusu, kwa hiyo tarehe 26 nilitembea tu, kanuni ni kanuni.

18 Januari 2026. Mazoezi ya mwisho marefu

Kilomita 32, njia yenyewe ya mbio kwa kadiri nilivyoweza, na Mweka yote ndani.

Kitu kipya ni kikaratasi. Tangu Oktoba kinachonitisha zaidi ya mwinuko ni kuanguka mbele ya watu wasionijua. Mkimbiaji anayepepesuka hupewa maji. Mkimbiaji anayepepesuka na kuongea ovyo, kisha akakutwa na vidonge hivi mfukoni, ataambiwa kichaa kimempanda. Kwangu yote mawili ni hatari. Kwa hiyo ndani ya kofia nimeshonea kipande cha plastiki chenye karatasi, mwandiko wa mke wangu kwa sababu wangu hausomeki: NATUMIA KABAMAZEPINI. NIKICHANGANYIKIWA AU NIKITAPIKA, MSINIPE MAJI. HOSPITALI, PIMENI SODIAMU. Na namba yake ya simu. Jaribio la kwanza niliandika kwa kalamu ya kawaida, jasho likaifuta yote ndani ya saa moja, ikabaki MSINIPE. Hii ya sasa ni kalamu ya risasi, na plastiki nimeifunga kwa gundi ya kuzibia tyubu. Imerudi kavu.

Kijana alifuata na baiskeli. Dumu limebaki nyumbani, lina mafuta ya taa siku hizi. Alibeba chupa mbili za lita moja na maagizo ya kutonipa mpaka niombe. Tambarare ilienda vizuri. Mwanzo wa mwinuko wa Mweka nikajisikia mzuri mno, miguu inataka kukimbilia juu, na hapo nikafanya kitu ambacho mwaka jana nisingefanya: nikatembea dakika mbili makusudi, nione kama ule wepesi utanigombeza. Haukunigombeza. Ulikuwa wepesi wa kawaida tu. Nikaendelea. Kule juu bibi mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe alinipa pole na kuniuliza nani ananifukuza.

Kuteremka kumeniumiza paja la kushoto. Mwenzangu wa kikundi alinipa diklopa, dawa ya maumivu, nikamrudishia. Daktari alishanikataza dawa hizo siku za mbio ndefu, kwa sababu zinazidi kuzifanya figo zishike maji. Nimekanda kwa barafu ya muuza samaki.

Muda: saa 3 na dakika 51. Uzito kabla 62.6, baada 61.7. Nimekunywa lita moja na nusu. Pete inatoka. Kijana amenijaribu njia nzima kwa kuninyooshea kidole kwenye baiskeli, hii nini, hii nini. Spoki, freni, pedeli, mnyororo. Zote nimezitaja.

Gharama tangu Julai, nikitoa ile hasara ya viatu: karibu 420,000, na zaidi ya nusu yake ni vipimo, kliniki na dawa. Viatu ndiyo sehemu ndogo.

Damu Jumatano. Jioni tumeandika namba. Mimi sifuri. Yeye sifuri. Naenda kulala, ni saa tatu kasoro.